Je, Wajua? Jenerali aliyezikwa na magazeti kabla ya wakati

Joshua Chamberlain alikuwa mwalimu wa Chuo cha Bowdoin, Marekani. Mwaka 1862 alipewa likizo ya masomo Ulaya; yeye akajiunga na jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya Kusini.

Juni 18, 1864, huko Petersburg, risasi iliingia nyonga yake ya kulia ikapenya hadi ya kushoto. Alichomeka upanga ardhini, akauegemea ili askari wake wasimwone akianguka. Madaktari walikata tamaa, kamanda wa majeshi ya Muungano, Grant, akampandisha cheo kuwa brigedia jenerali, na magazeti yakatangaza kifo chake. Hakufa. Jeraha hilo halikupona kabisa, na matatizo yake ndiyo yaliyomuua mwaka 1914, akiwa na miaka 85.

Baada ya vita alichaguliwa gavana wa Maine mara 4, kila muhula mwaka mmoja. Lakini heshima yake kubwa, kwa maoni yangu, aliipata huko Appomattox, Aprili 12, 1865. Wanajeshi wa Kusini walipopita kusalimisha silaha, aliwaamuru askari wake wawapigie saluti. Wengi wa Kaskazini walimlaumu, lakini hakujutia kamwe.