Virginia McKenna na Simba wa Kwenye Shuka

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana ya misheni, hapa hapa mkoani Singida. Jioni moja ya Jumamosi padri mmoja alituletea sinema. Gari lake lilikuwa na jenereta nyuma. Tulimsaidia kubeba masanduku hadi bwaloni, tukasogeza meza, tukatundika ukutani shuka mbili nyeupe ambazo masista walikuwa wamezishona pamoja. Tuliketi sakafuni, magoti kifuani, wadogo mbele na wakubwa nyuma. Taa zilipozimwa, simba jike akatokea kwenye zile shuka, na mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za rangi ya nyasi kavu akamkumbatia shingoni kama mtu anavyomkumbatia mdogo wake.

Bwalo zima lilipiga yowe. Wenzetu wa mbele walirudi kinyumenyume hadi wakatulalia mapajani.

Msomaji wa mkoa mwingine anaweza kushangaa. Sisi watoto wa Singida tulilelewa tukimjua simba kwa sura nyingine. Babu yangu, Mnyaturu mfugaji, hakulitamka jina la simba jua likishazama. Bibi alikuwa akifunga mlango kwa gogo hata usiku wa joto kali, kwa sababu alikumbuka miaka ya 1946 hadi 1948, wakati watu wengi wa Singida walipouawa kwa majeraha kama ya makucha, na baadaye ikadhihirika kwamba mauaji hayo yalifanywa na binadamu. Kesi za wauaji hao, walioitwa watu-simba, zilifika hadi mahakama za mkoloni. Kwa kizazi cha bibi yangu, simba alikuwa na vitisho viwili: kuna aliyetoka porini, na kuna aliyetumwa na jirani.

Ndiyo maana yule mwanamke wa kwenye shuka hakunitoka akilini. Filamu ilikuwa Born Free, ya mwaka 1966. Jina la mwanamke huyo ni Virginia McKenna. Nimefundisha Kiingereza miaka 34, nimestaafu, na katika miaka hiyo yote nimekuwa nikiokota habari zake kipande kwa kipande. Nilianza kwa kutaka kujua alipata wapi ujasiri ule. Nilichokuja kukiheshimu zaidi ni mambo aliyoyafanya baada ya filamu kwisha.

Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Vita Kuu ya Pili ilipowaka alikuwa mtoto, na sehemu ya miaka ya vita aliishi Afrika Kusini. Aliporudi Uingereza alisomea uigizaji katika chuo cha Central School of Speech and Drama, kisha akaenda kupata uzoefu jukwaani Dundee, Uskoti. Mwaka 1952 akaingia kwenye filamu, na mwaka uliofuata akaonekana katika The Cruel Sea, filamu ya mabaharia wa vita.

Jina lake lilipaa mwaka 1956 kwa A Town Like Alice. Humo aliigiza mwanamke Mwingereza aliyetekwa na Wajapani kule Malaya. Yeye na wenzake, wakiwa na watoto, wanatembezwa kwa miguu kutoka mahali hadi mahali, hakuna kambi inayotaka kuwapokea, wengine wanafia njiani. Niliitazama filamu hiyo nikiwa mtu mzima, na nilimkumbuka kaka yake babu, aliyekuwa keya, yaani askari wa jeshi la mkoloni, na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani hao hao. Kwa kazi hiyo McKenna alipewa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Mwaka 1958 akaigiza maisha ya Violette Szabo, mjane kijana aliyetumwa kwa siri Ufaransa kupambana na Wanazi, akakamatwa na kuuawa. Waingereza waliomtazama miaka hiyo walimzoea katika nafasi za wanawake wa namna hiyo: watulivu wa sauti, wagumu wa kuvunjika.

Mwaka 1957 aliolewa na mwigizaji Bill Travers. Mwaka huo huo waliigiza pamoja The Smallest Show on Earth, kichekesho cha mke na mume wanaorithi ukumbi wa sinema uliochakaa. Kisha ikaja Kenya, na maisha ya wote wawili yakageuka.

Kisa cha Born Free ni cha kweli, na kinaanza na risasi. Tarehe 1 Februari 1956, huko kaskazini mwa Kenya, ofisa wa wanyamapori George Adamson alikuwa akimsaka simba aliyeua mtu. Simba jike akamrukia; Adamson akampiga risasi, kisha akagundua kwamba simba huyo alikuwa na watoto watatu mwambani. Yeye na mkewe Joy, mzaliwa wa milki ya Austria-Hungaria, waliwalea. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, walibaki naye wakampa jina Elsa. Alipokua walimfundisha kuwinda, wakamwachia huru porini. Kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960 kilisomwa dunia nzima.

Filamu ilipigwa kati ya 1964 na 1965, karibu na Naro Moru chini ya Mlima Kenya, ikiongozwa na James Hill. McKenna alikuwa Joy, na mumewe Travers alikuwa George. George Adamson mwenyewe alikuwepo kama mshauri. Waigizaji wengi huletewa mnyama aliyefugwa na mkufunzi, wakasimama naye dakika chache mbele ya kamera. Hawa wawili walichukua njia ndefu: kila siku walitembea porini na simba wale, wakacheza nao mpira, wakajifunza tabia ya kila mmoja, hadi wanyama wakawazoea. Haikuwa kazi ya mchezo. Mapema kabisa McKenna alirukiwa na simba dume aitwaye Boy na kuvunjika kifundo cha mguu. Alipopona alirudi kwa simba wale wale.

Kwa hiyo tulichokiona kwenye shuka bwaloni kilikuwa kweli. Mkono ule ulikuwa umemshika simba yule kwelikweli. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki, na McKenna akajulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari za jukwaa la London.

Hapa ndipo waigizaji wengi wangepokea sifa na kuhamia kazi nyingine. McKenna na mumewe waliona jambo lililowakosesha amani. Filamu ilikuwa imeihubiria dunia kwamba simba azaliwe huru na aishi huru, lakini kamera zilipofungwa, wengi wa simba walioigiza humo walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, waliruhusiwa kwenda na George Adamson huko Meru kujifunza kuishi porini. Travers na James Hill walirudi kuwapiga picha, na mwaka 1967 wakatoa filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yao mapya.

Lakini uhuru una gharama yake, na sisi tunaoishi na simba tunataka gharama hiyo itajwe. Mwaka 1971 Boy, yule yule wa filamu, alimuua msaidizi Mkenya wa George Adamson kambini Kora, Kenya. Adamson alilazimika kumpiga Boy risasi. Hata Elsa mwenyewe, aliyekufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, aliacha watoto watatu waliokwenda kuvamia mifugo ya wanakijiji. Mmoja wao alikutwa na ncha ya mshale mwilini. Mwaka huo wa 1961 akina Adamson wakawahamishia kwetu, Serengeti, miezi michache kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Nilikuwa nikitumia kisa hicho darasani: simba mashuhuri kuliko wote duniani, wanawe walihamishwa kwa sababu ya mbuzi wa watu.

Kisha akaja tembo. Mwaka 1969 McKenna na Travers walikuwa tena Kenya kupiga filamu iitwayo An Elephant Called Slowly. Jina hilo linatokana na neno letu, kwa kuwa tembo mtoto aliyeigiza aliitwa Pole Pole. Alikuwa amekamatwa porini ili awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Filamu ilipokwisha walitaka kumnunua wamwache akue porini. Wakaambiwa inawezekana, ila mtoto mwingine wa tembo atakamatwa badala yake. Wakashindwa kulikubali hilo. Pole Pole akapandishwa ndege.

Mwaka 1982 walisikia kwamba Pole Pole yuko peke yake na afya yake ya akili ina mashaka. Walikwenda kumwona. Ilikuwa imepita miaka 13 hivi. Walimwita kwa jina lake, la Kiswahili, katikati ya London. Tembo akaja ukingoni, akanyoosha mkonga hadi ukagusa mikono yao. Walihangaika kutafuta mahali pa kumpeleka. Mwaka 1983, katika maandalizi ya kumhamisha, alisimamishwa muda mrefu ndani ya kizimba cha safari, akaanguka, na baadaye akakatishwa maisha. Alikuwa na umri wa miaka kama 17, umri ambao tembo wa pori letu la Rungwa bado ni kijana.

McKenna alikuwa na umri wa miaka 52, na kazi yake haikuwa imefifia. Mwaka 1979 alikuwa ameshinda tuzo ya Olivier kwa kuigiza na kuimba katika The King and I jijini London. Hata hivyo, mwaka 1984 yeye na mumewe walianzisha kampeni iliyoitwa Zoo Check, ya kuchunguza hali ya wanyama waliofungiwa. Kampeni hiyo ikakua na kuwa shirika la Born Free, lenye jina la filamu ile ile. Travers alifariki mwaka 1994. McKenna aliendelea akiwa mjane, akihutubia, akiandika, akikagua vizimba. Alipopewa hadhi ya Dame katika heshima za mwaka mpya wa 2023, akiwa na miaka 91, sababu iliyotajwa ilikuwa kazi yake kwa wanyamapori.

Sasa nirudi nyumbani. Kusini mwa mkoa wetu, upande wa Manyoni na Itigi, kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yanayoungana na Hifadhi ya Ruaha. Nchi yetu ndiyo yenye simba wengi kuliko zote barani Afrika, na eneo hilo ni mojawapo ya ngome zao kubwa. Mjomba wangu aliishi kando ya barabara ya Itigi kwenda Rungwa. Usiku mmoja wa masika simba walivunja zizi lake la miiba, wakaua ndama wawili na ng'ombe mmoja mwenye mimba. Asubuhi vijana walikuja na sumu, wakataka kuitia kwenye mzoga. Mjomba aliwazuia.

"Sumu haichagui," aliwaambia. "Itamuua simba, na mbwa wangu, na tumbusi, na mtoto atakayechezea mfupa. Simba hajui mpaka wa pori. Mpaka uliwekwa na watu, basi watu ndio waje wakae nami kitako."

Sheria yetu ina malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na wanyamapori, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni mazuri kwa sababu yanakiri ukweli: hayarudishi kilichopotea. Mjomba alisubiri sana. Alifariki akiwa bado anasimulia kuhusu yule ng'ombe mwenye mimba, na hakuwahi kumchukia simba. Alichotaka ni zizi imara na mtu wa kumsikiliza.

Nilifurahi nilipojua kwamba shirika lililozaliwa na uchungu wa Pole Pole limewasaidia wafugaji wa Kimasai kandokando ya Amboseli, Kenya, kujenga maboma ambayo simba na fisi hawayapenyi. Hapo ndipo naona duara limefungwa. Upendo wa simba ulioanza kwa kukumbatiana mbele ya kamera umefika mlangoni kwa mwenye ng'ombe, na huko ndiko simba anakookolewa. Fundo la senyenge lililokazwa vizuri humlinda simba kuliko machozi ya mtazamaji aliye mbali.

Wanafunzi wangu wa zamani, baadhi yao sasa ni waigizaji wa tamthilia Dar es Salaam, huniuliza ni nyota gani wa sinema ninayemheshimu. Ninawataja wanawake wachache, na huyu ni wa kwanza. Aliigiza mwanamke anayemwachia mnyama uhuru, kisha akaona kwamba maneno ya filamu yanamdai, akalilipa deni hilo kwa miaka karibu 40. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya sanaa.

Na kwa viongozi wetu wa Manyoni na Itigi, pamoja na mashirika yote yanayompenda simba wa Rungwa, nina ombi moja la mwalimu mstaafu. Njooni kabla ya masika. Leteni senyenge na nguzo, mkae kitako na wafugaji, mjenge nao mazizi. Sumu bado inauzwa, na si kila zizi lina mzee kama mjomba wangu.