Je, wajua? Kiambishi -ly kilianza kama mwili

Kwenye baadhi ya makanisa ya kale ya Uingereza, lango la kuingilia makaburini lina kipaa chake. Zamani jeneza lilitulizwa chini yake, likimsubiri kasisi. Lango hilo huitwa "lychgate", na mwanzo wa jina hilo ni neno la Kiingereza cha Kale "lic": mwili, uwe hai au uwe maiti. Wajerumani hadi leo humwita maiti "Leiche". Neno hilohilo ndilo lililozaa -ly, kile kiambishi tunachofundishwa shuleni kukipachika kwenye kivumishi ili tupate kielezi: "slow", "slowly".

Mwili ni umbo, na chenye umbo la rafiki ni cha kirafiki. Hivyo "freondlic", ambalo leo ni "friendly", lilikuwa kivumishi tangu mwanzo na halijahama. Ukitaka kueleza namna mtu alivyotabasamu, Kiingereza sanifu kinakulazimisha kuzunguka: "he smiled in a friendly way".

Katika Kiingereza cha Kale, kazi ya kuunda vielezi ilikuwa ya irabu -e. "Heard" ni -gumu, "hearde" ni kwa ugumu. Karne zilivyopita, irabu ile ya mwisho ilimezwa, kivumishi na kielezi vikafanana, na -ly ikajaza pengo. Haikulijaza lote. "Fast" haikudumu nayo, na "hard" ikaipokea kwa shari: "he worked hard" ni alichapa kazi, "he hardly worked" ni karibu hakufanya kitu. Ukiandikiwa barua ya sifa za kazi, isome mara mbili.

Mwaka 1762 Robert Lowth, baadaye Askofu wa London, alichapisha kitabu cha sarufi kilichowakemea waandishi waliotumia vivumishi mahali pa vielezi. Kwa maoni yangu alizidisha ukali. "Go slow" ni Kiingereza halali, na dereva yeyote anakielewa.

Utamu wenyewe uko kwenye sentensi za wakati uliopita. Chukua hii: "The badly damaged lorry slowly climbed the steep hill." Lori lililoharibika vibaya lilipanda taratibu kilima kikali. Viambishi -ed viwili, kazi mbili: "climbed" ni kitenzi kinachobeba wakati, ilhali "damaged" limegeuka kivumishi cha lori, na "badly" linaliegemea hilo, si lori lenyewe. "Slowly" lina uhuru wa kuhamia mwisho wa sentensi. "Steep" halina; limefungwa mbele ya "hill". Ila usiliweke "slowly" kati ya "climbed" na "the steep hill", sikio la Mwingereza litakataa.

Vitenzi vya hisi ndivyo vinavyotega wengi. "She looked angry" ni alionekana amekasirika. "She looked angrily at him" ni alimtazama kwa hasira. Kitenzi ni kilekile, lakini katika ya kwanza sifa inamrudia mwanamke, katika ya pili inakwenda kwenye kutazama. Kwa sababu hiyo supu iliyochacha "smelled bad". Ukisema "smelled badly", umeipa supu pua, tena pua mbovu.

Wafaransa, Wahispania na Waitaliano nao walihitaji kiambishi cha namna hii. Wao hawakuchukua mwili. Walichukua "mente" ya Kilatini, yaani akili. Mhispania huweza hata kukitumia mara moja kwa vielezi viwili: "clara y lentamente", kwa uwazi na polepole.