Chumvi na Chokaa

Mwalimu ameweka visahani viwili juu ya meza. Katika kila kisahani mna unga mweupe. Mmoja ni chumvi iliyosagwa, na mwingine ni chokaa. Ukiutazama kwa macho tu, huwezi kuutofautisha. Utajuaje upi ni upi?

Wanafunzi wengi hujibu upesi: “Tuonje!” Jibu hilo ni la hatari. Chokaa iliyotoka tanurini, kabla haijatiwa maji, huunguza ulimi, na ikiingia machoni yaweza kumpofusha mtu. Usionje kamwe kitu usichokijua. Iko njia iliyo salama zaidi, nayo ni kuchunguza sifa za kila kitu.

Kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi huitwa maada. Jiwe ni maada, maji ni maada, na hata hewa unayoivuta ni maada. Maada huwa katika hali tatu: yabisi, kiowevu na gesi. Katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Gesi hiyo haionekani kwa macho. Lakini kama isingekuwa maada, ingehitaji bomba la nini?

Sasa turudi mezani. Tia kijiko kimoja cha chumvi katika gilasi ya maji, kisha koroga. Chumvi hutoweka, na maji hubaki maangavu. Mwalimu naye atie kijiko cha chokaa iliyokwisha kuzimwa katika gilasi nyingine. Maji yatageuka meupe kama maziwa, na baada ya muda unga utatuama chini, kwa kuwa chokaa huyeyuka kidogo sana. Bila kuonja chochote, umekwisha kuitambua chumvi.

Je, chumvi iliyotoweka imekwisha? La. Mimina maji yake katika sahani pana, uyaanike juani. Maji yatageuka mvuke na kwenda zake, na chumvi itabaki sahanini. Ndivyo wafanyavyo watu wa pwani ya Kilwa na Lindi katika mashamba ya chumvi. Huingiza maji ya bahari katika mabwawa yasiyo na kina kirefu, wakaliachia jua kazi iliyobaki. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi ilikuwa chumvi tangu mwanzo. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Badiliko la namna hii huitwa badiliko la kiumbo.

Habari ya chokaa ni tofauti kabisa. Nayo hutoka baharini, lakini hutokana na mawe ya matumbawe. Wachomaji hupanga magogo, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, kisha wakawasha moto mkali. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Jiwe hilo huhitaji karibu nyuzi 900. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la namna hiyo, utapata kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Zimepaa hewani zikiwa gesi iitwayo kabonidayoksaidi. Jiwe limegawanyika na kuwa vitu viwili vipya, na wala huwezi kulirudisha kwa kulipoza. Hili ni badiliko la kikemikali.

Chokaa hiyo ikitiwa maji hutoa joto jingi, ikatokota na kuvimba. Kazi hii huitwa kuzima chokaa, nayo ni ya watu wazima peke yao. Ikiisha kuzimwa huchanganywa na mchanga na kujengewa. Hapo ndipo jambo la ajabu hutokea. Polepole chokaa huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, ikawa tena kitu kilekile kilichokuwa ndani ya tumbawe. Kwa maneno mengine, ukuta hurudi kuwa jiwe.

Kwa chokaa ya namna hiyo walijenga watu wa Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hassan bin Suleiman. Magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa yangaliko. Saruji tuijuayo leo haikuwapo; ilianza kutengenezwa Uingereza katika karne ya 19.

Lakini chumvi ni adui wa kuta hizo. Maji ya bahari huingia katika vitundu vidogo vya mawe. Maji yanapokauka, chumvi hubaki ndani, chembe zake hukua, na jiwe humeguka kidogo kidogo. Ukuta wa namna hiyo ukizibwa kwa saruji, unyevu hukosa njia ya kutokea, na jiwe laini lililo nyuma ya saruji huharibika zaidi. Ndiyo sababu mafundi wa magofu hupendelea kutumia chokaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Toka mwaka 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini.

Hata hivyo, matumbawe yaliyo hai baharini yasivunjwe kwa ajili ya chokaa. Hayo ni makao ya wanyama wadogo mno walioyajenga, na samaki wengi huzaliana na kujificha humo.

Jaribio

Okota ganda tupu la kome au la konokono wa baharini, ulipondeponde. Weka vipande katika kisahani, kisha dondoshea siki au maji ya ndimu. Tazama kwa makini. Viputo vidogo vitatokea: hivyo ni gesi ileile iliyopaa kutoka katika jiwe la tanurini. Halafu dondoshea siki juu ya chembe za chumvi. Andika katika daftari lako tofauti uliyoiona, na useme ni badiliko gani lililotokea katika kila kisahani.