Mti wa Matawi Mengi Ndani ya Dawa

Juzi kliniki mama mmoja alininong'oneza, "Sista, ni kweli kuna geli ya kupaka ukeni inayozuia virusi vya UKIMWI?" Nikamwambia aketi, maana jibu lake si la neno moja.

Tazama shanga zako. Zimetungwa moja baada ya nyingine kwenye uzi. Plastiki ya mtungi wa maji iko vivyo hivyo: vipande vidogo vimeshikana kwa msururu mrefu, nao huitwa polima. Sasa acha shanga, utazame mgunga. Tawi hugawanyika mara mbili, kila moja likagawanyika tena: 2, 4, 8, 16, 32. Polima ya namna hii huitwa dendrima. Ni ndogo mno kuonekana kwa macho, lakini ina ncha nyingi mahali padogo.

VivaGel, ya kampuni ya Starpharma ya Australia, ina mti wa ncha 32. Ncha hizo hung'ang'ania kirusi ili kisishike seli za mwili. Ilijaribiwa Kisumu hapa kwetu, na San Francisco, Marekani. Wasichana wenye afya wa miaka 18 hadi 24 waliitumia mara mbili kwa siku kwa siku 14, ili ijulikane kama ni salama. Matokeo yalichapishwa 2011: kwa jumla waliivumilia, ingawa baadhi walipata madhara madogo ukeni. Lakini haijathibitishwa kuwa inawakinga wanawake na UKIMWI. Iliidhinishwa Ulaya na Australia kwa jambo lingine, uchafu wa ukeni wenye harufu ya samaki.

Siku hizi watafiti huzitia ncha hizo vifungo, kama vile vya nguo za mtoto vinavyofungwa kwa kubonyeza, tap! Hapo hupachika dawa au rangi ya kuonyesha ugonjwa ulipo. Waliobuni ufungaji huo, Bertozzi, Meldal na Sharpless, walipewa Tuzo ya Nobel 2022. Sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko maabara.

Kwa hiyo mama, ukiuziwa geli sokoni ya "kuzuia UKIMWI", usinunue. Kondomu ipo, na vidonge vya PrEP vimekuwa vikitolewa Kenya tangu 2017. Ukiona uchafu wenye harufu, usijioshe ndani kwa sabuni wala dettol, njoo kliniki. Una dawa yake, na mjamzito asingoje, kwani unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.