Mwanafunzi na Sanaa ya Utunzi Chuoni

Swali la kwamba utunzi wa fasihi unafundishika au haufundishiki limejadiliwa kwa muda mrefu, na aghalabu wanaojadiliana huwa ni walimu. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa upande wa mwanafunzi: huingia darasani na nini, hukutana na nini, na huondoka na nini. Hoja yetu ni kwamba kanuni za utunzi hufundishika bila taabu kubwa, lakini linalomfanya mwanafunzi awe mtunzi ni kuandika upya baada ya kusikilizwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili afikapo chuoni huwa amekwisha kuzoea kazi mbili. Ameandika insha nyingi, na amehakiki tungo za wengine. Insha imemzoeza kujaza ukurasa kwa lugha sanifu iliyopambwa kwa methali. Uhakiki umemzoeza kutafuta maudhui na tamathali katika kazi iliyokwisha kukamilika. Kazi ambayo bado inatafuta umbo lake hajapata kuiona. Kwa hiyo huamini kwamba mtunzi huanza na ujumbe, kisha akauvika mapambo. Hadithi zake za kwanza huwa mahubiri, na wahusika wake huwa majina tu ya wema na ubaya.

Katika ushairi hali yake huonekana wazi zaidi, maana huko mwongozo upo. Amri Abedi alizieleza kanuni katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), na mwanafunzi mwenye bidii huweza kuzishika upesi. Tuchukue mfano tulioubuni wa mwanafunzi anayetaka kueleza huzuni ya kijana anayeliacha boma la wazazi wake. Anaandika:

Niliondoka nyumbani, nikiwa na moyo mwema.

Mizani ni kumi na sita, nane kila upande, na kina cha mwisho ni "ma" kama alivyokusudia. Mwalimu anayehesabu tu hana la kusahihisha. Lakini mshororo ukisomwa kwa sauti, mwanafunzi mwenzake atauliza: "Moyo mwema kwa nini, naye anaondoka kwa huzuni?" Jibu ni kwamba neno "mwema" liliitwa na kina, maana haikulihitaji. Baada ya majaribio kadhaa mwanafunzi anaandika:

Niliondoka nyumbani, bila kutazama nyuma.

Mizani ni ileile na kina ni kilekile. Huzuni haikutajwa, walakini msikilizaji anaiona katika shingo ya kijana. Hapo mwanafunzi amejifunza jambo ambalo sheria peke yake isingemfunza, nalo halimhusu mwanamapokeo tu. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi (1974), wako wanafunzi wanaodhani kwamba kuziacha vina na mizani ni kupunguziwa kazi. Anayeziacha bado ataulizwa swali lilelile: neno hili limekuja kufanya nini hapa?

Yafaa ikumbukwe kwamba kutunga mbele ya watu si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mashairi ya kujibizana na washairi wa Lamu, na shairi lililegea au lilisimama kwa namna lilivyopokewa na kujibiwa. Katika vyuo vyetu vilevile, kazi kadhaa zilizodumu zilizaliwa penye hadhira. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi Makerere mchezo wake The Black Hermit ulipoigizwa Kampala mwaka 1962. Aliuandika kwa Kiingereza, lakini funzo ni moja kwa lugha zote. Makerere ilikuwa pia na jarida la Penpoint, ambamo wanafunzi walisomana. Vijana hao walipata pamoja na mafunzo ya fasihi jambo lingine la thamani: mtu wa kuwasikiliza kabla kazi haijakwisha.

Hapa ndipo penye tatizo. Pale ambapo zoezi la utunzi hutolewa, likakusanywa, likapewa alama na kufungiwa kabatini, mwanafunzi hujifunza kwamba alama ndiyo mwisho wa kazi. Huandika kwa ajili ya msomaji mmoja, ambaye tena analipwa kusoma. Akimaliza masomo, msomaji huyo hayupo, na kalamu huwekwa chini. Hasara si yake peke yake. Lugha inayohitaji watunzi wapya hupoteza mtu aliyekwisha kugharimiwa mafunzo.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila kazi isomwe kwa sauti darasani, mtunzi akiwa kimya hadi wenzake wamalize kusema, asije akaeleza kwa mdomo yale ambayo maandishi yameshindwa kueleza. Pili, mwalimu atahini nakala mbili, ya kwanza na iliyoandikwa upya, na sehemu ya alama itolewe kwa safari iliyo kati yake. Tatu, idara iwe na jarida au jukwaa, hata likiwa dogo, la kuzitoa kazi hizo nje ya darasa. Kipaji hatuwezi kukigawa, bali baraza la kukisikiliza tunaweza kuliandaa.