Mamba Muntu: tuwajibu nini wakristu?

Katekista mmoja aliniuliza: «Padri, mtoto amezama ziwani. Watu wanasema baba mdogo wake alimtoa kwa Mamba Muntu ili apate mali. Niwaambie nini?» Wandugu, neno hili si la kucheka. Jamaa nzima inaweza kuvunjika.

Kwanza, tujue habari yenyewe. Mamba Muntu ni mwanamke wa maji: juu mtu, chini samaki. Mwanaume akiokota nywele zake, anamjia katika ndoto kuzidai. Anamwahidi mali, lakini kwa masharti: anyamaze, aache wanawake wengine, na mwishowe, wanasema, atoe roho ya mtu wake. Kinshasa anaitwa Mami Wata. Mbali kule Maroko, watu wanamwogopa Aisha Kandisha, mwanamke mzuri mwenye kwato chini ya nguo.

Pili, picha yake ilitoka wapi? Hadithi za roho za maji ni za wazee wetu. Lakini picha ya mwanamke mwenye nyoka ilichapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880: ni mchezesha-nyoka tu. Wafanyabiashara waliieneza Afrika ya Magharibi. Mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, India. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walimchora Mamba Muntu pamoja na nyoka, na watu wakamtundika ukutani mwa nyumba zao. Uso huu si ufunuo, ni bidhaa.

Tatu, tujibu. Amri ya kwanza inatukataza kutafuta mali kwa mizimu. Lakini amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani. Mtoto anazama kwa sababu hajui kuogelea, au mtumbwi umepinduka. Upande wa Goma na Sake, hewa mbaya inayoitwa mazuku inatoka udongoni na kuua kimya. Wazazi wanahitaji Misa na wandugu wa kukaa nao, si mtu wa kushitaki.

Hata hivyo hadithi ina ukweli wake. Mtu anayekula feza ya yatima amekwisha kufanya mapatano yale: mali bila jasho, siri nyumbani, na mwingine analipa deni. Dhambi hii tuihubiri wazi, bila kumtaja mtu.

Nilimwambia katekista: nenda matangani, keti karibu na baba mdogo mbele ya watu wote, usali pamoja naye. Ndani ya maji tulizaliwa wana wa Mungu. Tusimwachie Shetani ziwa letu.