Fibroidi: si lazima kutoa kizazi

Wadau, kama dada au mama yako ana fibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi, na kaambiwa dawa ni kutoa kizazi tu, soma hapa. Kuna embolaizesheni: daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, anaufuatilia kwa eksirei mpaka kwenye kizazi, halafu anamwaga chembe ndogo kama mchanga. Damu inazibwa, uvimbe unasinyaa taratibu. Jacques Ravina, Paris, alikuwa akiziba hivyo kupunguza damu kabla ya upasuaji. Kumbe wagonjwa wengine wakapata nafuu, upasuaji wakaufuta! Akatangaza 1995. Condoleezza Rice alifanyiwa 2004. Maumivu ya siku za kwanza yapo, msidanganywe. Anayetaka kuzaa bado aongee kwanza na daktari, maana kutolewa uvimbe peke yake huenda kukamfaa zaidi.